Warsha za jazi mpakani: Mpiga akogo apewe kiti cha mwalimu

*Busia na Tororo zina ala, zina mafundi, na vijana wao wana hamu ya kujifunza. Kinachobishaniwa ni nani amfundishe nani, kwa malipo gani, na nini kibaki kijijini jukwaa likishabomolewa.*

Mpiga sukuti anayevuka Busia kuingia Uganda hahitaji pasipoti. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanapita kwa kitambulisho cha taifa. Kikwazo kinaweza kutokea kwenye ngoma aliyoitundika begani.

Sukuti huwambwa kwa ngozi ya kenge. Kenge wa Nile yumo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea inayohofiwa kutoweka. Sheria za wanyamapori za nchi zote mbili, ya Kenya ya 2013 na ya Uganda ya 2019, nazo zinaweza kumbana anayekutwa na kiungo cha mnyama wa porini bila kibali. Engalabi, ngoma ndefu ya upande wa Uganda, huwambwa kwa ngozi hiyohiyo.

Kwenye foleni ya forodha anaweza kusimama pia mpiga saksofoni aliyealikwa kwenye tamasha lilelile analokwenda mpiga sukuti huyo. Huyo ana barua ya mwaliko, ana tiketi ya ndege, ana mwenyeji anayemsubiri ng'ambo, na chombo chake hakimhusu afisa wa wanyamapori. Mmoja ameandaliwa safari. Mwingine ameambiwa tu afike.

Tangu 2013 mkataba wa CITES una cheti cha ala za muziki, kinachomwezesha mwanamuziki kuvuka mipaka mara kwa mara na chombo chake. Mwandaaji anayeshughulikia viza ya mgeni wa Ulaya miezi kadhaa kabla ya tamasha anaweza kuulizia na karatasi ya jirani yake wa Butula au Nambale.

Tofauti hiyo ya maandalizi haiishii forodhani. Inaingia hadi ndani ya chumba cha warsha, na ndiyo inayoamua kama tamasha la jazi litaacha kitu Busia na Tororo au litapita tu.

Nairobi na Zanzibar zimetangulia

Warsha si jambo geni katika matamasha ya Afrika Mashariki. Tamasha la jazi la Safaricom lilipoanza Nairobi mwaka 2014, mapato yake yalielekezwa kwa Ghetto Classics, mradi unaowafundisha muziki watoto wa Korogocho, mtaa uliopakana na jaa la Dandora. Wanamuziki wa kimataifa waliokuja kupiga jukwaani waliketi pia na watoto hao, wakawaonyesha namna ya kushika pumzi na namna ya kumsikiliza mwenzako kabla ya kumjibu.

Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilianzishwa mwaka 2002 na kikaweka taarabu, kidumbaki, ngoma na jazi chini ya paa moja. Humo wazee wa qanuni na fidla walikuwa walimu wenye darasa lao. Ndimo walimotoka vijana wanaochanganya taarabu na jazi bila kuona aibu upande wowote. Sauti za Busara, lililoanza 2004, nalo limekuwa likiambatanisha maonyesho ya Ngome Kongwe na mafunzo na mikutano ya wanamuziki.

Lakini hata DCMA, pamoja na sifa zake, ilipofika 2019 ilitangaza hadharani kwamba inaweza kufunga milango kwa ukosefu wa fedha. Wanafunzi wengi hawakuweza kumudu ada. Chuo kinachojulikana duniani kikifikia hapo, fundi wa kijijini asiye na chuo wala mfadhili yuko katika hali gani?

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina tamasha lake, JAMAFEST. Limefanyika Kigali 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Yote ni majiji makubwa. Miji ya mpakani, ambako Jumuiya inaonekana kwa macho kila asubuhi soko linapofunguliwa, haijapata zamu.

Mpaka uliochorwa juu ya ngoma

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliuchukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1926 mpaka ukaandikwa kisheria, ukifuata Mto Sio na Mto Malaba kupanda hadi Mlima Elgon. Waiteso wakajikuta pande mbili. Wasamia vilevile.

Leo sensa ya Kenya ya 2019 inahesabu Waiteso zaidi ya 400,000 upande wa Kenya, na wenzao wa Uganda ni zaidi ya milioni mbili. Wanaoana, wanazikana, na wanamtambua Emorimor mmoja kama kiongozi wa utamaduni. Tororo, upande wa Uganda, chini ya lile jabali linaloonekana kutoka mbali, Waiteso wanaishi na Wajopadhola, watu wa jamii ya Waluo. Tongoli, kinubi cha Wajopadhola, ni ndugu wa nyatiti ya Siaya na wa litungu ya Wabukusu.

Kwa hiyo mtu anayeandaa warsha Busia peke yake au Tororo peke yake anakata wimbo katikati. Mpigaji yuko Amukura, mwimbaji ni binamu yake wa Tororo, na mtengenezaji wa chombo yuko kijiji cha tatu.

> Mtu anayeandaa warsha Busia peke yake au Tororo peke yake anakata wimbo katikati.

Akogo ikikutana na kinanda

Ili kuelewa ubishi wa nani amfundishe nani, itazame akogo, chombo cha Waiteso, kwa karibu.

Ni kisanduku cha mbao kinachopakatwa au kushikwa kwa mikono miwili. Juu yake zimepangwa ndimi nyembamba za chuma, zilizofuliwa kwa nyundo hadi zikawa bapa, na kubanwa kwa kipande kingine cha chuma kinachozishika zote. Mpigaji huzibonyeza kwa vidole gumba. Akitaka sauti ipande, anausukuma ulimi ndani ili ufupike; akitaka ishuke, anauvuta nje. Kazi hiyo huifanya kwa sikio, huku akiimba kimoyomoyo.

Kwenye shina la kila ulimi huweza kuviringishwa kijipete cha bati. Ulimi ukipigwa, kijipete hutetema na sauti hutoka na mrindimo juu yake. Mrindimo huo umekusudiwa. Bila huo mpigaji ataona chombo chake kimekauka.

Sasa mlete mpiga kinanda cha umeme chumbani. Kinanda kimetengenezwa kiwandani na noti zake zimewekwa kwa kipimo cha dunia nzima. Akogo ina noti tano katika ngazi yake, na nafasi kati ya noti na noti hazilingani na za kinanda. Wakianza kupiga pamoja, masikio yanaumia. Mmoja lazima amfuate mwenzake.

Njia rahisi inajulikana: mwenye akogo anaambiwa arekebishe sauti upya. Anasukuma na kuvuta ndimi zake hadi zifanane na kinanda. Wimbo unapigika, picha zinapigwa, makofi yanalia. Na fundi mitambo asiyeujua mrindimo, akiudhania ni hitilafu ya nyaya, anaukata kwenye mashine yake. Kinachobaki jukwaani ni akogo ya kutazamwa, na inayosikika ni sauti ya kinanda kingine.

Njia ya pili inadai muda. Mpiga besi na mpiga saksofoni wanaweza kuifuata akogo, kwa kuwa vyombo vyao vinakubali kupindishwa kidogo, besi kwa kidole na saksofoni kwa midomo. Kinanda kikae kimya kwa nyimbo mbili tatu. Hapo ndipo mgeni anapojifunza kitu ambacho hakipati katika chuo chochote cha Ulaya au Marekani, na ndipo neno warsha linapopata maana.

Hoja za walinzi

Wapo wanaosema ala na ngoma hizi za jadi zisiguswe kabisa. Hoja yao ina uzito.

UNESCO ilipoiandika Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega mwaka 2014, iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma hiyo huchezwa kwa seti ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya mnyama na njuga za chuma. Ina nafasi yake katika uzazi, jando, arusi, mazishi na sherehe za jamii. Sababu za dharura zilitajwa: wenye ujuzi wamezeeka, warithi hawapo, fedha na vifaa vya kutengenezea ala na mavazi havitoshi, na watazamaji wamevutwa na burudani za kisasa.

Walinzi wanauliza: ikiwa ngoma inakufa kwa kukosa mahali pake, kuipeleka jukwaani kwa dakika kumi kutaiponya vipi? Wanaitaja kadodi ya Bamasaba wa Mbale, kaskazini mwa Tororo. Hiyo ni ngoma ya kumtembeza kijana anayekwenda kutahiriwa wakati wa imbalu. Siku hizi inakodishwa kwenye arusi na kwenye kampeni za siasa, na mtoto wa mjini anaweza kuicheza vizuri kabisa bila kujua ilikuwa ikimsindikiza nani.

Wanazitaja pia shule. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na Uganda ina mashindano yake ya muziki, ngoma na maigizo. Kila mwaka fundi wa kijiji huitwa kufundisha ngoma, kundi hushindana, kombe hubaki ofisini kwa mwalimu mkuu. Ngoma ya mduara hupanuliwa ikawa mistari inayowatazama majaji. Na darasani, katika mtaala mpya wa Kenya, chombo ambacho wazazi wengi waliambiwa wakinunue ni filimbi ya plastiki ya kizungu. Mtoto wa Teso Kusini anaweza kujifunza noti zake za kwanza kwa filimbi hiyo ilhali akogo imetundikwa ukutani kwa babu yake.

Hoja za wachanganyaji

Upande wa pili unajibu kwamba akogo yenyewe ilikuwa mgeni. Watafiti wa muziki, akiwemo Gerhard Kubik aliyezunguka Uganda kuanzia 1959, wanaeleza kuwa vinanda vya vidole vya aina hii viliingia Uganda kutoka Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, mikononi mwa wapagazi na wafanyakazi. Waiteso walikipokea chombo, wakakiongezea ukubwa mbalimbali, wakaunda makundi ya wapigaji wengi pamoja, wakatunga uchezaji wa mabega na shingo unaokwenda nacho. Ndani ya umri wa watu wawili watatu kikawa chao.

Jazi nayo imekuwa mwenyeji huku kitambo. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, ikipitia Malaba na Tororo, njia ya watu na mizigo kutoka Mombasa ilifunguka, na magitaa na sahani za santuri zilikuwa miongoni mwa mizigo hiyo. Baadaye zikaja Victoria Jazz na Shirati Jazz kando ya Ziwa Viktoria. Huko Bunyore, Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery walipiga mtindo wa omutibo kwa magitaa na chupa ya Fanta, wakiikwaruza mistari yake kwa chuma ili kushika mwendo. Hawakumwomba mtu ruhusa.

Upande wa Marekani pia walikuwa wakitazama huku. Mpiga piano Randy Weston alirekodi *Uhuru Afrika* mwaka 1960, na ndani yake inasikika sauti ya Mtanganyika Tuntemeke Sanga akizungumza Kiswahili. Jazi ilikuwa ikiitafuta Afrika Mashariki kabla wengi wetu hatujaanza kuitafuta jazi.

Na Busoga, safari fupi kutoka Tororo kuelekea magharibi, kundi la Nakibembe limeonyesha kwamba muziki wa kijiji unaweza kusafiri bila kuvuliwa nguo zake. Embaire yao, marimba kubwa ya mbao, hupangwa juu ya migomba miwili iliyolazwa kando ya shimo lililochimbwa ardhini, na watu kadhaa huipiga kwa wakati mmoja. Albamu yao ilitoka 2023 na kusikilizwa Ulaya.

> Jazi ilikuwa ikiitafuta Afrika Mashariki kabla wengi wetu hatujaanza kuitafuta jazi.

Hoja hizi hazigombani

Ukizisikiliza pande mbili hadi mwisho, unaona kwamba zinachukia kitu kimoja: haraka. Mlinzi anaogopa kijana atakayejifunza mkono bila kujifunza sababu. Mchanganyaji anayejua kazi yake anaogopa wimbo ulioungwa kwa alasiri moja.

Mfano wa subira uko jirani, Siaya. Eriko Mukoyama, Mjapani anayejulikana kwa jina la kisanii la Anyango, alitaka kujifunza nyatiti, chombo ambacho kwa desturi ya Waluo kilipigwa na wanaume. Alikwenda kuishi kijijini kwa mwalimu wake, Okumu K'Orengo. Alijifunza lugha, alijifunza kukaa kwenye kigoda, alijifunza ni lini chombo kinapigwa na ni lini kinanyamaza. Mwalimu ndiye aliyeamua lini amefuzu. Leo anapopiga Tokyo au Nairobi, anapiga kama mwanafunzi wa mtu anayetajwa kwa jina.

Hilo la kutajwa kwa jina lina historia chungu katika eneo hili. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alirekodi muziki wa makabila mengi ya nchi hiyo. Hugh Tracey alifanya vivyo hivyo Kenya na Uganda katika miaka ya 1950. Kazi yao ni hazina, na bila wao sauti nyingi zingepotea. Lakini santuri na kanda zao zilikwenda London na Afrika Kusini. Nakala za Wachsmann zimerudi Makerere, na Ketebul Music ya Nairobi, inayoongozwa na Tabu Osusa, imeshiriki kuzirudisha baadhi za Tracey vijijini Kenya kupitia mradi wa Singing Wells. Ilichukua zaidi ya nusu karne. Warsha ya leo, yenye simu tano zinazorekodi kwa wakati mmoja, haina kisingizio cha kuchelewa hivyo.

Sheria ipo, itumike

Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016. Inaitaka ridhaa ya jamii kabla ya mtu kutumia sanaa zake kibiashara, na inazitaka kaunti ziwe na daftari la sanaa hizo. Kwa mwandaaji wa tamasha maana yake ni nyepesi: kabla hujairekodi warsha na kuiuza, kaa na wenye ngoma mkaandikiane.

Mkataba huo haupaswi kuwa wa Kiingereza cha mawakili peke yake. Uandikwe Kiswahili, usomwe kwa Kiteso, Kisamia au Dhopadhola, na useme mambo matatu: nani ataisikia rekodi, nani atalipwa ikiuzwa, na nakala itawekwa wapi karibu na waliopiga.

Malipo ya siku ya warsha nayo yaandikwe humo. Katika shughuli nyingi za utamaduni mgeni hupewa mkataba na mwenyeji hupewa posho. Posho ni hisani. Anayeitoa ndiye anayeamua ukubwa wake. Mkufunzi hulipwa kwa kazi. Mwenye akogo akifundisha saa tatu, na mwenye saksofoni akifundisha saa tatu, wamefanya kazi moja. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa kupona kunahesabika kwa shilingi za pande zote mbili za mpaka.

Warsha inayofaa Busia na Tororo

Kwa yote hayo, warsha ya mpakani inayostahili jina hilo haihitaji miujiza.

Ianze kwa fundi wa chombo. Siku ya kwanza vijana wakae na mtengenezaji, wafue ulimi wa chuma, wawambe ngoma, wajue mbao ipi inalia na ipi haifai. Kijana aliyetengeneza akogo yake, hata ikiwa mbovu, ana kitu cha kwenda nacho nyumbani tamasha likiisha. Ngozi ya mbuzi ijaribiwe mahali pa ya kenge, na wazee waisikilize na kutoa hukumu yao.

Siku inayofuata sauti ianzie kwa akogo au tongoli, na vyombo vya kigeni vifuate. Mgeni wa jazi aingie kama mwanafunzi kwanza. Ana mengi ya kutoa: namna ya kupanga sauti za ala nyingi, namna ya kubuni papo hapo bila kupotea, namna ya kusoma mkataba na kudai haki yake. Atayatoa vizuri zaidi akishajua yuko kwenye nyumba ya nani.

Uchezaji ufundishwe katika mduara, wazee na watoto pamoja, kabla ya mtu yeyote kupanda jukwaani. Bega la mcheza akogo hufuata ulimi fulani wa chuma, na mtoto huyapata hayo akiwa ubavuni mwa mpigaji, mahali ambapo spika haijasimama kati yao.

Warsha ivuke mpaka. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa na marais wa nchi hizi mbili mwaka 2018, kilijengwa ili malori yasisimame mara mbili. Wanamuziki wapewe wepesi huohuo: karatasi za ala zishughulikiwe mapema, siku moja Busia, siku ya pili Tororo, na walimu wachukuliwe kutoka pande zote.

Mwisho, gharama. Jukwaa, taa na spika za usiku mmoja hula sehemu kubwa ya bajeti ya tamasha lolote. Ujira wa mafundi kumi wa kijiji, mbao, chuma na ngozi, na chakula cha vijana kwa juma zima ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Serikali ya Kaunti ya Busia, wilaya za Busia na Tororo upande wa Uganda, viongozi wa kimila na wafadhili wa matamasha wanaweza kukubaliana jambo moja kabla ya msimu ujao: fungu la mafundi liandikwe la kwanza kwenye bajeti, na spika zinunuliwe kwa kinachobaki. Kijana wa Amagoro au wa Tororo anayetaka kuwa mwanamuziki ana haki ya kujua kwamba katika eneo lake mwalimu wa muziki yupo, analipwa, na anaweza kuwa mama au babu yake.